Madirisha ya ghorofani yanayoshuka hadi sakafuni: weka kizuizi gani?

Kama wahamia nyumba mpya hapa Lamu na madirisha ya juu yashuka mpaka sakafuni, usilaze mtoto humo kabla hujaweka kizuizi, na wavu wa mbu si kizuizi jamani, akiuegemea tu unang'oka naye. Mimi nashauri grili ya nondo za kusimama, za kulala mtoto anazipanda kama ngazi. Urefu mita 1.1 toka sakafuni, uwazi kati ya nondo usipite sentimita 10, pima mwenyewe fundi akiwepo. Chuma cha kawaida chumvi ya bahari itakila hata ukipaka rangi, bora stenlesi 316, aina inayostahimili chumvi, ama mbao ngumu ya mbambakofi ukitaka ifanane na milango ya mji. Kazi iko kwenye kufunga: kuta zetu za matumbawe na chokaa zameguka, skrubu fupi zachomoka, kwa hivyo fundi atoboe ndani kabisa, agandishe boliti kwa gundi yake maalum, ikikauka itikiseni pamoja kabla hujamlipa. Grili moja iwe ya kufunguka kwa ndani, moto ukitokea mpate pa kutokea, ufunguo wakubwa wote waujue ulipo. Na kitanda kiweke mbali na dirisha.