SOMO: Kwenda msitu wa Arabuko-Sokoke ukitoka Malindi

Naandika mara moja. Mkija, njooni na maswali mapya.

1. Panda matatu ya Watamu au Mombasa, shuka Gede. Kituo cha msitu kiko barabara kuu, boda watakufikisha.

2. Kiingilio lipa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Weka bando kabla hujatoka nyumbani.

3. Maji yabebe kwenye chupa yako ya kudumu. Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu 5 Juni 2020.

4. Amua unakwenda kuona nini. Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Msitu una kilomita za mraba kama 420, na kila udongo na wenyeji wake. Sengi mwenye kiuno cha dhahabu, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, mtafute kwenye msitu mchanganyiko upande wa barabara, saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi. Usimfuate: simama, sikiliza majani makavu yakichakurwa. Ukimshtua atapiga majani kwa mkia, utaambulia mgongo tu. Kwera wa Clarke, ndege, ni wa miti ya mrihi, kwenye mchanga mweupe. Kale kabundi kadogo ka Sokoke kanakaa udongo mwekundu, magharibi. Ukikatafuta kwenye mrihi umekesha bure. Na huko usiende bila muongozaji: tembo wapo, na kichaka kimefunga, humwoni mpaka mmekaribiana.

5. Gari: masika udongo mwekundu unateleza vibaya. Kiangazi mchanga mweupe unameza magurudumu. Punguza upepo, ubebe pampu.

MASWALI

Wa Maweni: Kiingilio pesa ngapi?
— Namba 2. Bei iko huko huko.

Baba Swaleh: Twaja saa nne na watoto, tutaona sengi?
— Namba 4, baba. Saa nne mtaona vipepeo.

Bi Mwanaisha: Mwalimu, tukitoka msituni twaweza kuunganisha na hori ya Mida siku hiyo hiyo, tuone ndege?
— Swali zuri, bibie. Chagueni siku ya bamvua, maji makubwa: maji hupwa kama saa nne asubuhi, hujaa kama saa kumi jioni. Fikeni kwenye daraja la mikokoni saa saba hivi. Maji yakipanda huwasukuma ndege kuja karibu. Wa ng'ambo wengi huwapo Oktoba hadi Machi.

Wa Maweni: Daraja nalo lalipiwa?
— Ndiyo. Sasa soma somo lote, ndugu yangu.

Baba Swaleh: Basi twaja alfajiri. Viatu gani?
— Vya kufunika, na soksi juu ya suruali. Siafu hawajali mtoto.