Kamera ya kwanza ya filamu fupi: kagua matundu kabla ya 4K

Swali naloulizwa kila mara ni hili, nataka kuanza filamu fupi nichukue kamera gani, na ukimsikiliza vizuri mtu huyo unakuta ana kamera yake tayari kichwani, anataka tu uitikie. Mi sitaji modeli hapa, leo ipo kesho imepitwa, ntakuonyesha tu ninavyokagua mwenyewe.

Hatua ya 1: Andika utashuti nini
Chukua karatasi, andika filamu yako ya kwanza ina nini. Watu wawili wanagombana chumbani usiku? Hapo unataka sensa (kile kipande cha ndani ya kamera kinachonasa picha) inayovumilia giza na lenzi inayofunguka sana. Mtoto anakimbizwa nje mchana? Hapo unataka otofokasi (kamera kujilenga yenyewe) inayomng'ang'ania mtu na kamera inayotuliza mtikisiko wa mkono. Na kama skripti bado haijaisha, simu uliyonayo inatosha kabisa, kaa umalize skripti.

Hatua ya 2: Fungua vifuniko vya ubavuni
Hapa ndo wengi wanapigwa. Fungua vile viraba vya ubavuni, tafuta tundu la maiki la milimita 3.5, alafu tafuta la hedifoni. La maiki usipoliona usiinunue, basi. La hedifoni ndo huwa wanalikata kwenye kamera ndogo na ndo lililoniliza mimi: filamu yangu ya pili nilishuti kutwa nzima maiki iko kwenye kola ya muigizaji, meta ya sauti kwenye skrini inapanda inashuka kijani safi, nimefika nyumbani navaa hedifoni, kila akipumua shati linakwaruza maiki, krrr krrr, mazungumzo yote hayafai. Meta inakuonyesha kwamba sauti inaingia, sauti ya nini hiyo haijui. Picha ikiwa na chenga kidogo watu wanavumilia, ila wasiposikia maneno wanazima. Kama kamera uliyoipenda haina tundu la hedifoni chukua na rekoda ndogo ya pembeni yenye tundu hilo, kila teki (kila mara mnaposhuti tukio) ikianza mtu apige kofi moja mbele ya kamera, wakati wa kuediti unalinganisha mlio wa kofi na mikono inapokutana, sauti na picha zinakaa pamoja.

Hatua ya 3: Iwashe, iweke kwenye video, uiamrishe
Kuna kamera kwenye picha za kawaida zinakuachia kila kitu, ukihamia video zinajiamulia zenyewe. Hakikisha ukiwa kwenye video unaweza kubadili shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga), ISO (wepesi wa sensa kuona gizani), uwazi wa lenzi na rangi ya mwanga (white balance). Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, pitisha mkono mbele ya lenzi, utauona na ukungu kidogo kama tulivyozoea kwenye filamu. Sasa peleka shata 1/500 upitishe tena, mkono unakatikakatika kama unapigiwa tochi ya kuwaka na kuzima. Hiyo 1/50 pia inakuokoa na taa kumetameta pale umeme ulipo wa hezi 50, ukiwa kwenye umeme wa hezi 60 tumia 1/60.

Hatua ya 4: Namba za kwenye boksi
4K ya 3840 kwa 2160 ina nukta mara nne ya Full HD, nzuri ukitaka kusogeza picha karibu wakati wa kuediti. Lakini ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde saa moja inakula kama gigabaiti 45, je kompyuta yako inaziweza? Angalia pia kama ikiingia 4K inakata pembeni mwa picha, zipo zinazofanya hivyo na chumba chako kidogo kinazidi kuwa kidogo. Kadi yenye alama ya V30 (kasi ya kuandika isiyopungua megabaiti 30 kwa sekunde) inatosha hapo. Full HD kwa kuanzia haina aibu.

Hatua ya 5: Kama ni used
Funika lenzi, rekodi giza, zikionekana nukta nyeupe au nyekundu zimeganda ujue sensa ina nukta mbovu. Simama mbele ya mlango uizungushe haraka kushoto kulia, nguzo za mlango zikilala upande sana maana yake sensa inasoma picha polepole, ukikimbia nayo video itakuwa kama uji. Mwisho iache irekodi nusu saa mfululizo, uone kama inapata moto ikajizima. Muuzaji akikuharakisha hapo, ondoka.

Hatua ya 6: Usimalizie hela kwenye bodi (kamera bila lenzi)
Bakiza ya maiki, betri mbili za ziada, tripodi na lenzi moja ya f/1.8 (namba hii ikiwa ndogo lenzi inafunguka zaidi). Wengi wanakimbilia milimita 50, ila kwenye sensa ya APS-C, iliyo ndogo kuliko ile ya full frame, inabana karibu kama milimita 75 kwenye full frame, chumbani utajikuta mgongo uko ukutani na bado muigizaji unampata kichwa tu. Chukua ya milimita 35.

Ikifika, kabla ya kumuita mtu yeyote, shuti mtu mmoja anafungua mlango, anaingia, anakaa, anasema sentensi moja. Rudia mpaka uweze kubadili fokasi na sauti bila kutafuta menyu.