Maji ya ndege kwa sola: ndoo, sahani ya udongo na pampu ndogo

Kaskazi ikishika, kuanzia Januari hivi mpaka masika yaingie, hapa Mombasa utawaona shore na tetere wanagombania tone la maji chini ya bomba linalovuja, na bomba lenyewe maji yanatoka siku yakijisikia. Kama una uwanja hata mdogo, au kijibustani nyuma ya nyumba chenye mlimau na jasmini mbili tatu, unaweza kuwawekea maji yanayozunguka yenyewe kwa jua, bila bili ya stima na bila kumwaga maji ovyo.

Sasa watu wengi ukiwaambia maji ya ndege akilini inawajia chemchemi ya hoteli, maji yanaruka juu na taa za rangi chini. Achana na hayo. Ndege wa kwetu maji ya kuruka yanamtisha, yeye anataka maji machache, ya kina kifupi, yanayosogea na kutoa kasauti, basi. Ile sauti ya kudondoka ndiyo inayomwita akiwa juu ya mti, na wimbi dogo likimetameta juani analiona toka mbali. Ukishaelewa hapo utajua pampu inatosha kuwa ndogo na paneli ndogo, na bidii yako uiweke kwenye kina cha maji na usafi.

Kuna zile sola za duara zinazoelea, paneli na pampu kitu kimoja, unatupia tu kwenye beseni zinaanza kurusha. Ni rahisi sikatai, lakini mimi sizipendi kwa kazi hii. Zinahitaji maji ya kina ndio zielee, na maji ya kina ndege mdogo hashuki kuoga. Tena zinasogea mpaka ukingoni zinarusha maji nje, upepo wa kusi ukiingia ndio balaa kabisa, ukirudi kutoka kazini beseni kavu na pampu inalia. Kama ushanunua basi izungushie mawe ikae kati, na ung'oe kile kichwa cha kurushia maji yatoke kwa kububujika tu.

Mtindo ninaoupenda ni huu: ndoo chini inabeba maji na pampu, sahani ya udongo juu ndiyo mfuniko wake. Pampu inasukuma maji juu, yanajaa sahanini kwa kina unachokitaka wewe, yakizidi yanarudi ndooni kwa paipu fupi. Maji mengi yanakaa gizani, hayapati ukoga upesi, hayachemki kwa jua, na pampu haiishiwi maji mchana wakati wewe uko kazini.

Vitu vyenyewe: ndoo ya lita 20, ile ya mafuta ya kupikia ni bora kuliko ya rangi, maana ya rangi utaiosha mpaka uchoke na bado harufu haijatoka. Sahani ya udongo ya kuwekea nyungu za maua, inchi 16 hivi, ipite mdomo wa ndoo kila upande, wauzaji wa nyungu za barabarani wanazo. Pampu ndogo ya kuzama ya DC, yaani ya umeme wa sola au betri. Paneli ya wati 10. Mpira mwembamba wa plastiki unaoingia kwenye mdomo wa pampu, wa mita moja. Kipande cha paipu ya plastiki ya nusu inchi, gundi ya silikoni, kipande cha neti kuukuu ya mbu, na mawe. Mawe usinunue jamani, Mombasa nzima tumeketi juu ya tumbawe. Bora yawe na mikwaruzo ili kucha za ndege zishike, yale laini ya kung'aa ya madukani yanateleza.

Kwenye pampu na paneli hapa tulia kidogo, hapa ndipo watu wanapounguza vitu. Paneli inayoitwa ya volti 12 ukiipima na mita juani bila mzigo, yaani haijafungiwa kitu, itasoma volti 21 hivi. Pampu iliyoandikwa 12V tu ukiifunga moja kwa moja na paneli hiyo, na paneli ina nguvu kuliko pampu inavyokula, itakuwa inapelekwa zaidi ya uwezo wake kila siku saa sita, na siku moja itanyamaza. Kwa hivyo ama ununue seti iliyokuja pamoja toka kiwandani, ama utafute pampu iliyoandikwa inavumilia mpaka volti 24, ama umwambie fundi akuwekee kidude cha kushusha volti hapo kati, ni kidogo na si ghali. Tena hizi pampu za DC nyingi zina chanya na hasi, nyekundu kwa nyekundu nyeusi kwa nyeusi, ukigeuza haizunguki na saa ingine inakufa hapo hapo. Betri usihangaike nayo. Usiku ndege wamelala, na joto letu hili linazila betri mapema.

Haya, sahani. Iloweke kwenye maji usiku kucha kabla ya kuitoboa, udongo uliolowa haupasuki ovyo. Tumia drili na biti ya ukuta, na ile ya kugonga uizime, zungusha polepole bila kukandamiza, anza na biti nyembamba halafu upanue. Unatoboa matundu mawili, moja katikati la mpira wa kupandisha maji, la pili upande mmoja la paipu ya kurudishia, lakini angalia na hilo la pili liangukie ndani ya mdomo wa ndoo, usije ukatoboa pembeni maji yakaishia mchangani. Kama huna drili mpelekee fundi yeyote wa stima, ni kazi ya dakika.

Ile paipu ya kurudishia ndiyo siri ya kitu chote. Ikate ili ikipita kwenye tundu ibaki imesimama juu ya sahani sentimita 3 tu. Maji yakifika mdomo wake yanaingia yanarudi chini, kwa hivyo kina hakizidi hapo hata pampu iwe na wazimu gani. Sentimita 3 zinamtosha tetere kuoga, na kwa vijindege vidogo unapanga mawe upande mmoja yainuke kidogo kidogo mpaka yatoke juu ya maji, kila mmoja anachagua pa kusimama. Mdomo wa paipu uufunge neti kwa uzi wa nailoni, mbu wasipate njia ya kuingia ndooni. Silikoni ipake juu na chini ya matundu yote mawili, iache masaa 24 ikauke kabisa, usiijaribu na maji kabla.

Pampu iweke ndani ya ndoo juu ya kipande cha tofali isivute matope ya chini, itie ndani ya soksi kuukuu ya nailoni, hicho ndicho kichujio chako. Waya utoe kwa kukata kinafasi kidogo kwenye ukingo wa ndoo, na hicho kinafasi kizibe kwa silikoni pia. Maji yanapotoka juu usiyaache yatoke kama mshale, funika mdomo wa mpira kwa jiwe bapa moja au mawili yatokeze pembeni yakichuruzika. Yakiwa bado yana kishindo weka kijikoki kwenye mpira uyabane, pampu hizi ukizibana upande wa kutolea haziharibiki.

Ndoo ikijaa maji ni kilo 20 na ushei, haipinduki hovyo, iweke juu ya bloki mbili tatu ifike usawa wa kiuno. Plastiki ikikaa juani inakuwa kama biskuti, kwa hivyo izungushie mkeka mkuukuu au makuti, na inapendeza macho pia.

Paneli ndiyo rahisi. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, jua la saa sita linapita karibu na utosi mwaka mzima, miezi ya katikati ya mwaka limeelekea kaskazini, miezi ya kaskazi na vuli limeelekea kusini. Ilaze karibu bapa, inamishe nyuzi 10 au 15 kuelekea kaskazini, na hata huo mwinamo sababu yake kubwa ni mvua isombe vumbi na mavi ya ndege. Linalodhuru kweli ni kivuli. Kuti moja la mnazi likipitisha kivuli pembeni ya paneli, pampu inazima, maana seli zimefuatana kama shanga kwenye uzi, moja ikilala zinalala zote. Tafuta mahali penye jua wazi toka saa 3 asubuhi mpaka saa 10 jioni, sahani yenyewe ikae kwenye kivuli chepesi, waya wa mita 5 unawaunganisha. Na kama nyumba yako iko barabarani, funga paneli kwa bolti sio kamba, wenyewe mwajua.

Chumvi ya baharini inakula viungo vya waya. Lehemu kila kiungo, paka vaselini, funga tepu, na ukiweza kielekeze chini maji yasitulie hapo. Paneli ifute kwa kitambaa kibichi asubuhi ikiwa bado baridi, Nyali na Bamburi karibu na ufuo utaona inashika ukungu wa chumvi upesi kuliko waliojenga ndani ndani.

Maji gani utie? Ya mvua ndio bora, tega ndoo kwenye mfereji wa bati wakati wa masika uweke akiba. Ya bomba sawa. Ya kisima, ndio tatizo letu, mengi yana chumvichumvi na yamepita kwenye mawe ya chokaa, baada ya muda utaona ganda jeupe kwenye mpira na ndani ya pampu inaanza kukoroma. Dawa yake loweka pampu kwenye siki iliyochanganywa na maji kwa saa moja, au kamulia ndimu kama siki huna, sugua na mswaki, suuza vizuri. Joto na upepo vinakausha maji kila siku, jioni ongeza.

Mbu sasa, na hapa sina mzaha, Mombasa tushapigwa na dengi 2013 na chikungunya mwisho wa 2017 kuingia 2018, na yule mbu wake, mwenye mabaka meupe miguuni, anapenda vyombo vya majumbani kama hivi. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni wiki moja hivi kwa joto letu. Halafu mayai yake hayaelei, anayagandisha ukingoni juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi yakasubiri maji yarudi. Kwa hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, lazima usugue ukingo kwa brashi ngumu, sahani kila siku 3 au 4, ndoo yote uimwage na kuisugua kila wiki, maji yake mwagia mlimau. Sabuni usitumie, wala jiki usiache hata tone, brashi na nguvu za mkono.

Kunguru watakuja wa kwanza. Hawa wenye shingo ya kijivu asili yao Bara Hindi, waliletwa Unguja miaka ya 1890 na wakatapakaa pwani nzima, wanakula mayai na makinda ya wenzao, na wakiona maji watachovya humo mkate mkavu, mifupa, na visivyotajika. Njia inayosaidia ni kuviringa wavu wa waya wenye matundu ya inchi mbili ukauzungushia sahani kama kizimba na juu pia, shomoro, shore na mnana wanapenya, kunguru anabaki nje anapiga kelele. Ubaya wake tetere nao hawapenyi, ukiwapenda sana wawekee kisahani chao pembeni.

Na paka, hasa walioko mitaa ya Mji wa Kale, paka huko ni raia. Sahani iwe mita 2 au 3 kutoka kwenye kichaka: karibu kiasi ndege akiona kipanga akimbilie humo, mbali kiasi paka asiruke kutoka humo humo.

Wiki ya kwanza usishangae hakuna anayeshuka, wanaichunguza. Choma kijiti kikavu pembeni watue kwanza. Wakizoea kaa dirishani uwaangalie wanavyokunywa, shore anachota halafu anainua kichwa maji yateremke, tetere yeye anatumbukiza mdomo na kufyonza moja kwa moja bila kuinua. Chozi, kile kijindege cha kufyonza maua, hatashuka sahanini aghalabu, yeye anapenda kujipaka kwenye majani mabichi, kwa hivyo pitisha mpira mwingine mwembamba udondoshee kwenye matawi ya mmea ulio jirani, utamuona anajisugua kwenye jani huku anapigapiga mbawa. Huo mpira wa pili maji yake hayarudi ndooni, ubane mpaka liwe tone moja moja, la sivyo jioni ndoo tupu.

Ukisafiri hata kwa siku chache na hakuna wa kukutazamia, chomoa waya, mwaga, sugua, pindua sahani na ndoo zote kifudifudi. Pampu ikaushe uiweke ndani.