Somo la vipimo barazani: kuwapeleka wanafunzi kwa bibi msusi wa mikeka

Nafundisha hisabati darasa la tano huku pwani ya Tanga. Mada ya vipimo siku hizi siianzii ubaoni, naianzia kwa bibi anayesuka mikeka. Nawe unaweza.

Hatua ya 1: Tangulia peke yako. Nenda alasiri, wasusi wanapokuwa wametulia na ukili wao, ule utepe mrefu wa majani yaliyosukwa unaoshonwa kuwa mkeka. Piga hodi, mpe shikamoo yake, kaa, usikimbilie shida yako. Ukimwambia "nataka uwafundishe watoto hisabati", atakujibu hakusoma. Muulize hivi: "Bibi, unajuaje kama ukili umetosha mkeka mzima?" Hapo atakumwagia yote: shubiri mbili ni mkono, mikono minne ni pima. Kisha mjulishe mwenyekiti wa mtaa, na wazazi waandikie barua.

Hatua ya 2: Punguza idadi. Mara ya kwanza nilimpelekea bibi mmoja darasa zima, watoto zaidi ya 40. Yeye akaongea, wao wakaandika, hakuna aliyeshika hata chane moja, yaani kipande chembamba cha jani la kusukia. Iliniuma, maana nilimchosha mzee wa watu bure. Sasa nakwenda na watoto sita hadi wanane, kwa zamu.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza madaftari yabaki shuleni. Wachane ukindu (majani ya mkindu), wasuke, wakosee. Bibi atafumua na kuwaanzishia upya. Usimkatize, wala usijifanye mkalimani wake. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule zinawazoesha vijana kudharau maarifa ya wazee. Mtoto anayemwona mwalimu wake akikaa chini kufundishwa na bibi hahitaji kuhutubiwa juu ya hilo.

Hatua ya 4: Pimeni. Hapa usiwe na haraka. Chukueni mkeka wenye urefu wa mikono 4, ulioshonwa kwa vipande 10 vya ukili. Unahitaji ukili wa mikono 40, yaani pima 10. Sasa bibi anyooshe mkono, mtoto aupime kwa futikamba kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Tuseme ni sentimita 44. Wa mtoto ni 36. Kwa mkono wa bibi ukili ni mita 17.6, kwa mkono wa mtoto ni mita 14.4. Pamepungua mita 3.2! Waache wabishane. Mmoja atadai bibi amekosea, mwingine ataanza kupima upya. Usiwape jibu. Watafika wenyewe kwenye sababu ya watu kuhitaji kipimo kimoja kwa wote, na wakifika hapo, mita haiwi tena neno la kukariri.

Hatua ya 5: Rudini kwake. Walimu wengi huishia hatua ya nne, na mimi naona huko ni kumtumia mzee na kumwacha. Watoto wampelekee hesabu zao wamsomee, pamoja na swali moja walilolitunga wenyewe. Mwaka jana waliuliza: "Bibi, mteja akiwa na mkono mrefu kuliko wako, mnauziana kwa mkono wa nani?" Mazungumzo yalikwenda mpaka adhana ya magharibi.

Msiende mikono mitupu. Sukari na majani ya chai vinatosha, lakini fungu la ukindu ndilo litakalomfurahisha zaidi, kwa kuwa ule wake watoto wameuharibu kwa kujifunzia. Vipande walivyosuka wao mwachieni avishone kwa shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka. Mkeka huo ndio tunaoukalia darasani tukifanya hesabu za eneo.