Maji ya kinywa yana ndoo yake

Binti yangu wa kwanza anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Ana miaka 19 na meno yake yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na vishimo vidogovidogo kama yamedonolewa kwa sindano. Tunakaa chini ya Mlima Meru, upande wa Maji ya Chai, na utoto wake wote nilimpa maji ya kisima nikiamini ni salama kwa kuwa yanang'aa. Alipoenda bweni mbali na huku wenzake walimwambia hapigi mswaki. Akasugua kwa mkaa, akasugua kwa majivu, mpaka fizi zikatoka damu. Rangi haikutoka, maana haijakaa juu ya jino. Imo ndani, tangu jino likiumbwa kwenye fizi.

Kinachofanya hivyo ni floraidi. Inatoka kwenye mawe ya volkano na kuyeyukia katika maji ya chini ya ardhi; haina ladha, harufu wala rangi. Mdogo wake ana miaka 9, na meno yake ni meupe. Nieleze nilichobadilisha.

Anza kwa kupima. Chukua chupa safi ya plastiki, si ya kioo, maana floraidi inaweza kushikana na kioo na kipimo kikadanganya. Acha bomba litiririke kidogo, suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, ujaze, uandike jina la kisima na tarehe. Ulizia ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, au maabara ya Wizara ya Maji. Ukiambiwa "maji yako sawa", usiondoke: omba namba. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na ndicho kiwango cha Tanzania sasa. Ila zamani nchi yetu iliruhusu mpaka 4, kwa hiyo karatasi ya zamani inayosema kisima kimefaulu isikutulize. Wala usitegemee kipimo cha jirani, kwani visima vya kijiji kimoja hutofautiana sana.

Kuchemsha hakusaidii. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki, tena kwenye maji yaliyopungua. Vidonge vya klorini navyo vinaua vijidudu tu. Mimi nilimchemshia binti yangu maji kila siku kwa miaka, na hilo linaniuma hadi leo.

Huna haja ya kusafisha maji yote ya nyumba. Ya kuoga, kufua na kudekia yatoke kisimani kama kawaida. Tenga yanayoingia kinywani: ya kunywa, ya uji, ya chai, ya ugali na maharage. Sisi tuko watano na ndoo moja ya lita 20 inatutosha kwa siku. Yetu ina mfuniko wa bluu na hakuna anayeruhusiwa kuichotea maji ya kisima, hata mgeni. Kama maji hayo ni machache, watangulize watoto walio chini ya miaka 8, kwa kuwa ndio meno yao ya ukubwani yanaumbwa. Mtoto mchanga mnyonyeshe bila kumpa maji. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa ya kisima. Hatari inaanza kwenye uji.

Ndoo hiyo tunaijaza maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati langu lina mita za mraba 30. Mvua ya milimita 100, hata robo ikipotea, inanipa lita 2,250. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni kama siku 150, yaani lita 3,000. Tenki langu la kwanza lilikuwa la lita 1,000 na lilikauka kabla ya Nanenane. Mvua za mwanzo acha zioshe bati, bomba likiwa nje ya tenki. Maji haya sasa ndiyo ya kuchemsha, kwa ajili ya vijidudu.

Halafu magadi. Najua makande bila magadi yanachelewa kuiva, lakini magadi yetu nayo yana floraidi nyingi. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, uchochee moto kwa subira.

Mama mkwe wangu ana paa la nyasi, hawezi kukinga mvua. Yeye anatumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji kimeifanyia utafiti miaka mingi. Usijichomee mwenyewe nyumbani: mifupa ikiungua mpaka ikawa myeupe haishiki floraidi vizuri, na isipoiva maji yananuka. Mkaa huo huchoka, na siku ukichoka maji hayabadiliki ladha. Kwa hiyo tumeandika kwa chaki kwenye mlango wake tarehe ulipowekwa, na chini yake tarehe ya kurudisha chupa maabara.