Kutua kwa Usalama na Ndege Ndogo Katika Viwanja vya Uganda

Rubani anayekaribia Entebbe, kiwanja kilicho takriban mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, hana budi kukumbuka kwamba hewa ya huko ni nyepesi, hivyo kwa mwendo uleule unaoonyeshwa na kipimamwendo ndege huikaribia ardhi kwa kasi kubwa kuliko ingekuwa Mombasa, nayo huhitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Usibadili mwendo wa kwenye kipimo kwa sababu hiyo. Fuata ule ulioandikwa katika kitabu cha ndege yako.

Ukigusa chini kwa mwendo uliozidi kwa asilimia 10, umbali wa kusimama huongezeka kwa takriban asilimia 21. Tena ndege yenye mwendo wa ziada huelea, na rubani akiilazimisha kushuka, gurudumu la mbele hutangulia na ndege hudunda. Hapo usisukume usukani mbele, kwa maana midundo inayofuata ndiyo huvunja mguu wa mbele na kupinda panga la injini. Ongeza nguvu yote ya injini, paa, uje upya. Abiria wakishangaa, na washangae.

Kwenye viwanja vya mbugani, kama Pakuba, pita kwanza juu ukitazama soksi ya upepo (mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea), madimbwi na wanyama. Nyasi zilizolowa hudhoofisha breki sana, kwa hiyo chagua mapema alama ambayo, usipogusa chini kabla ya kuifikia, utaghairi kutua bila kusita.