Kuchovya Shaba kwa Fedha au Kutumia Fedha Tupu: Mwongozo kwa Fundi wa Vito vya Mkono

Mafundi wengi wa vito katika Afrika Mashariki huanzia kwenye shaba ya njano, na wana sababu nzuri. Huko Kibera, jijini Nairobi, koki za maji zilizoharibika na makufuli makuukuu huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na humo hupatikana bangili, hereni na vidani vinavyouzwa hadi ng'ambo. Kazi ikishapendwa, mteja huulizia ile ile kwa fedha, na fundi hujikuta mbele ya njia mbili: aichovye shaba yake, kwa nguvu ya umeme, ipate tabaka la fedha, au aanze upya kwa fedha tupu, yaani pambo zima liwe la fedha. Wengi huamua kwa kutazama bei ya gramu peke yake. Naona hilo ni kosa, kwa sababu jibu sahihi hutegemea zaidi pambo litakaa wapi mwilini, lina umbo gani, na kama siku moja litarudi kwa fundi kutengenezwa.

Anza na mizani. Fedha ni nzito kuliko shaba ya njano, kwa hiyo pima kipande chako cha shaba kisha zidisha uzito huo kwa takriban 1.22, nawe utapata uzito wa kipande kile kile kikitengenezwa kwa fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha katika 1,000. Pete ya shaba yenye gramu 3 itahitaji fedha isiyozidi gramu 4, lakini bangili nene ya gramu 40 itahitaji karibu gramu 49. Sasa linganisha na kuchovya: tabaka la unene wa mikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita) juu ya sentimeta mraba 1 hula takriban miligramu 1 ya fedha, hivyo bangili ile, yenye eneo la sentimeta mraba 40 hivi, ikipewa tabaka nzuri la mikroni 20, haitachukua hata gramu moja. Hesabu hii inaonyesha kwamba kuchovya kunaokoa fedha nyingi kwenye vitu vikubwa, ilhali kwenye pete kunaokoa gramu tatu na nusu hivi tu, na gramu hizo ni sehemu ndogo ya thamani ya saa ulizotumia kukata, kulehemu na kutia nakshi.

Pete hiyo hiyo ndiyo pia inayochakaa haraka kuliko pambo jingine lolote, kwa kuwa hugusana na sabuni, sufuria, mpini wa jembe na usukani wa gari kila siku. Tabaka huanza kuisha upande wa kiganjani, na shaba ikitokeza hapo kidole hubaki na alama ya kijani. Kwa hiyo pete, pamoja na bangili nyembamba zinazovaliwa nyingi kwa pamoja na kusuguana, zitengenezwe kwa fedha tupu. Hereni kubwa, vidani na vishikizo vya nguo havisuguliwi sana, na hapo kuchovya ni uamuzi wa busara usio na aibu yoyote, mradi mnunuzi aambiwe ukweli.

Ukiamua kuchovya, usiifanyie kazi hiyo nyumbani. Maji ya kuchovyea yanayotumiwa viwandani, tangu familia ya Elkington ilipopata hataza (haki ya uvumbuzi) ya njia hiyo mjini Birmingham, Uingereza, mwaka 1840, kwa kawaida huwa na sianidi, ambayo ni sumu kali, na yakikutana na asidi hutoa gesi inayoua. Mpelekee mwenye karakana iliyo na vifaa na leseni, kisha zungumza naye kwa mikroni, wala usikubali neno "nzito" peke yake. Ziko kazi zinazopewa chini ya mikroni 1, nazo hung'aa sawasawa na nyingine siku ya kwanza. Kwa mkondo wa ampea 1 kwa kila sentimeta mraba 100, fedha huongezeka kwa takriban mikroni 38 kwa saa, kwa hiyo mikroni 20 huhitaji karibu nusu saa. Kazi iliyotolewa kwenye maji hayo baada ya dakika mbili haiwezi kuwa imefikia hapo. Unene mliokubaliana uandikwe kwenye risiti.

Maandalizi, hata hivyo, ni yako, na ndiyo yanayoamua kama tabaka litashika. Tabaka la fedha halifichi mkwaruzo, bali huuonyesha zaidi, kwa hiyo maliza tupa, msasa na kung'arisha kabla ya kupeleka kazi. Ondoa mafuta yote, kisha kichovye kipande kwenye maji safi na ukitoe polepole: maji yakitanda juu yake kama utando mmoja, ni safi, yakijikusanya matone mahali fulani, bado pana mafuta hapo, hata kama ni alama ya kidole tu. Chunguza pia vitundu vidogo vya shaba ya kumimina, kwa sababu hunywa maji ya kuchovyea na kuyatoa baada ya siku kadhaa, yakiacha madoa. Mfupa, pembe, ngozi na lulu visitiwe humo kamwe, bali vifungwe baadaye. Mwombe mchovyaji aanze na tabaka la shaba nyekundu, hasa palipolehemiwa kwa risasi, na umuulize kama ataweka nikeli chini ya fedha. Nikeli huzuia shaba isipenye hadi juu, lakini huwaletea baadhi ya watu upele, nayo nchi za Umoja wa Ulaya zimeiwekea mipaka katika vito vinavyogusa ngozi. Kumbuka vilevile kwamba umeme hupeleka fedha nyingi kwenye kingo na kidogo ndani ya nakshi za kina.

Fedha tupu inadai nidhamu nyingine. Tumia ya 925, ambayo sehemu zake 75 zilizobaki kwa kawaida huwa shaba nyekundu, kwa kuwa fedha safi ni laini mno kwa pete ya kila siku. Ukiyeyusha mapambo ya kale ya pwani usidhani ni 925, kwani mengi yalifuliwa kutokana na sarafu za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria zilizoandikwa mwaka 1780, ambazo fedha yake ni sehemu 833 tu, na kila gramu 100 zake zinahitaji kuongezewa karibu gramu 123 za fedha safi ili zifikie 925. Weka tupa za fedha mbali na za shaba. Risasi isikaribie kabisa, kwa maana chembe yake ikipata moto juu ya fedha huila na kuacha mashimo. Tandaza ngozi chini ya meza ukusanye vumbi lote, ambalo kwa shaba hukulijali, lakini hapa lina bei.

Malipo ya nidhamu hiyo huonekana pete inaporudi kupanuliwa. Ya fedha tupu hukatwa, ikalehemiwa na kung'arishwa mahali pale pale, wakati ile ya kuchovya huungua tabaka lake mara tu inapopata moto.

Ziko kazi zinazostahili mchanganyiko. Hereni ya shaba iliyochovywa iwekewe kulabu ya fedha tupu, kwa sababu ndiyo inayopita sikioni, lakini muhuri wa 925 usigongwe popote. Ukiuza Uingereza, sheria ya mwaka 1973 inataka kitu cha fedha kinachozidi gramu 7.78 kiwe kimepigwa muhuri wa ofisi ya upimaji, inayothibitisha kiwango cha fedha, kabla ya kuitwa fedha.

Mweleze mnunuzi pia namna ya kukitunza. Weusi unaotokana na salfa iliyomo hewani huondolewa kwa kukilaza kipande juu ya karatasi ya alumini ndani ya maji ya moto yenye baking soda, njia isiyopunguza fedha. Dawa za kusugulia zitumiwe kwa fedha tupu peke yake. Kilichochovywa kirudishwe kwa fundi mara shaba inapoanza tu kuonekana, kwani ikishaliwa na jasho italazimu kupigwa msasa upya, na kila msasa hupunguza nakshi.